Jina la Pili Kwenye Hati ya Nyumba

Somo kwa kamati za parokia, vikundi na wafadhili



Kamati inapokaa kupanga msaada wa mabati, saruji au milango kwa ajili ya nyumba ya familia fulani, kwa kawaida huulizwa maswali mawili. La kwanza, familia ina watu wangapi. La pili, nyumba imefikia hatua gani. Swali la tatu mara nyingi husahauliwa, nalo ni hili: karatasi ya nyumba hiyo ina jina la nani?

Somo la robo hii ya mwaka linahusu swali hilo. Tutaona jinsi mtu anavyoweza kumwongeza mwenzake, hasa mwenzi wa ndoa, awe mmiliki mwenza katika hati ya nyumba. Tutaona pia jambo ambalo watu wengi waliokwisha kuongeza majina hawalifahamu: kuwa na majina mawili kwenye hati si lazima kuwe na maana kwamba mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa mwingine. Inategemea mstari mmoja ulioandikwa, au ulioachwa bila kuandikwa, katika fomu ya uhamisho. Mstari huo ndio kiini cha somo letu.

Tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo wasomaji wetu wa visiwani waulize huko.

Tunamiliki nini hasa?

Tuanze na msingi. Kwa sheria yetu ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachokuwa nacho sisi ni haki ya kuitumia na kuimiliki kwa muda na kwa masharti. Hati za mijini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Nyumba hufuata ardhi iliyosimama juu yake. Kwa sababu hiyo, mtu anaposema anataka "kumwandika mke wangu kwenye nyumba", kinachofanyika ni kumwingiza mke katika haki ya ile ardhi. Kumtaja kama mwenye nyumba katika bili ya maji au ya umeme hakubadilishi chochote katika umiliki.

Hali kadhalika, kuandika jina la pili kwa kalamu pembeni ya hati, au chini ya mkataba wa mauziano, hata kama mume amefanya hivyo kwa upendo na mbele ya watoto, hakuna nguvu. Zaidi ya hapo kunaharibu hati. Hati ya nyumba si kitabu cha kumbukumbu za familia. Badiliko lake ni lile linaloingizwa na Msajili wa Hati katika daftari lake.

Sheria inamlinda asiye na jina, lakini kwa ushahidi

Wapo wanaouliza: kama sheria inamtambua mke, jina la nini? Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba sheria inamtambua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa bure, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, iliongeza mengine katika kifungu chake cha 161. Ardhi ikipatikana kwa ajili ya matumizi ya wanandoa wote, inachukuliwa kuwa ni yao wote, isipokuwa hati ieleze wazi vinginevyo. Na hata kama hati ina jina la mmoja tu, mwenzake aliyetoa nguvu zake katika kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza ardhi hiyo anahesabika kuwa na fungu ndani yake. Pale penye wake wengi, sheria inawataja wote.

Tena, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi waliofuata. Lakini msomaji asisahau upande wa pili wa kesi hiyo: Bi Hawa mwenyewe hakufanikiwa katika rufaa yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Mwenye jina kwenye hati anaonyesha hati. Asiye na jina anaonyesha mashahidi, stakabadhi za saruji, picha za msingi, na jirani aliyemwona akichota maji ya kufyatulia matofali. Sheria inampa haki, kisha inamtaka aithibitishe, tena mara nyingi wakati ambao hana nguvu: mume amefariki, msiba haujaisha, na kikao cha ukoo kimeitwa kumteua msimamizi wa mirathi.

Kwa wajane hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya sheria za mirathi. Tanzania tuna mifumo mitatu inayokwenda sambamba: sheria ya serikali, ambayo bado ni ile ya kurithiana ya India ya mwaka 1865 tuliyoirithi kwa wakoloni, sheria ya Kiislamu, na sheria za mila. Sheria za mila zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atunzwe na watoto wake. Mwanandoa anaweza kuwa amefunga ndoa kanisani na bado mirathi ya mumewe ikasikilizwa kwa sheria za mila, ikionekana kwamba waliishi maisha ya kimila.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walizipinga sheria hizo mahakamani baada ya shemeji zao kufanywa wasimamizi wa mirathi na wao kutolewa katika nyumba walizoishi na waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Hesabuni wenyewe miaka hiyo, halafu mfikirie watoto waliokuwa wakikua huku mama zao wakifuatilia kesi.

Kama nyumba zile zingekuwa na jina la pili, walau sehemu ya mali isingeingia kabisa kwenye meza ya ukoo.

Namna mbili za kumiliki pamoja

Sasa tufike kwenye mstari wenyewe. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 159, inatambua namna mbili za watu kumiliki ardhi moja.

Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usio na mafungu. Wote wawili wanamiliki kitu kizima, na hakuna anayeweza kusema "nusu hii ni yangu". Hakuna anayeweza kuuza au kuweka rehani peke yake. Lazima watie saini wote. Mmoja akifariki, haki yake inahamia moja kwa moja kwa aliyebaki. Nyumba hiyo haiingii katika mirathi ya marehemu. Aliyebaki anapeleka cheti cha kifo kwa Msajili, na daftari linarekebishwa.

Namna ya pili ni umiliki kwa mafungu, wengine huita umiliki wa hisa. Hapa kila mmoja ana fungu lake katika nyumba nzima, nusu kwa nusu au robo kwa robo tatu, kama walivyokubaliana, ingawa hakuna ukuta unaotenganisha mafungu hayo. Mtu hawezi kumpa mgeni fungu lake bila idhini ya maandishi ya wenzake. Akifariki, fungu lake linakuwa sehemu ya mirathi yake na kwenda kwa warithi wake.

Watu wengi tunaokutana nao katika semina wanaamini kwamba majina mawili maana yake ni namna ya kwanza. Sivyo. Kwa wanandoa, sheria yenyewe, pale isipoelezwa vinginevyo, inaelekea kwenye namna ya pili, yaani mafungu. Mume na mke wanaotaka aliyebaki apate nyumba yote wanapaswa kulisema hilo na kuhakikisha limeandikwa.

Tuone tofauti kwa hesabu. Tuseme mume na mke wana nyumba moja, wana watoto, na wote wawili wamo kwenye hati. Mume anafariki bila kuacha wosia.

Kama ni umiliki wa pamoja usio na mafungu, nyumba yote ni ya mke. Hesabu imeishia hapo.

Kama ni mafungu ya nusu kwa nusu, nusu ya mke haiguswi, na nusu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Kwa sheria ya serikali, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja ya mirathi na watoto theluthi mbili. Theluthi ya nusu ni sehemu moja ya sita. Ukiijumlisha na nusu yake mwenyewe, mjane anakuwa na theluthi mbili za nyumba, na watoto theluthi moja. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni ya mirathi, yaani sehemu moja ya nane. Thumni ya nusu ni moja ya kumi na sita, hivyo atakuwa na sehemu tisa kati ya kumi na sita. Kwa sheria za mila za 1963 anabaki na nusu yake tu, na nusu nyingine inafuata ukoo.

Kama jina lake halimo kabisa, anaanzia sifuri, na kila sehemu atakayoipata itabidi aidai.

Kamati inaweza kuichora hesabu hii ubaoni. Chora mstatili mmoja uwe nyumba, kisha watu waugawe kwa kila namna. Tumeona wazee wanaoichukia mada hii wakinyamaza na kuanza kuhesabu, hasa pale wanapofikiria mabinti zao walioolewa.

Ipi iliyo bora?

Hatuwezi kusema moja ni bora kwa kila mtu, ingawa maoni yetu tunayo. Kwa mume na mke wa ndoa moja, ambao watoto wao wote ni wa pamoja, na nyumba ni hiyo moja tu ya kuishi, tunaona namna ya kwanza inafaa zaidi. Aliyebaki hatikiswi, na watoto watapata zamu yao baadaye.

Lakini fikirini mama aliyefiwa na mume wa kwanza, akaja na watoto wawili na fedha za kiwanja alichouza, akajenga na mume wa pili. Wakichagua namna ya kwanza na yeye akatangulia kufa, nyumba yote ni ya mume, na siku mume huyo akifa itakwenda kwa warithi wa mume. Wale watoto wawili, ambao fedha za baba yao zimo katika zile kuta, hawana kitu. Mama huyo anafaa kuchagua mafungu, yaandikwe kwa kiasi halisi, na aandike wosia juu ya fungu lake. Hivyo hivyo kwa mzee mwenye watoto wa nyumba mbili. Kutaka kulirahisisha jambo kunaweza kuwadhulumu watoto ambao hawakuwepo kwenye mazungumzo.

Aidha, ni vyema watu waelezwe kwamba jina likishaingia halitolewi kwa hasira. Mmiliki mwenza ni mmiliki kamili. Mume anayefanya biashara na kukopa benki kila msimu ajue kwamba tangu siku hiyo saini ni mbili. Wapo wanaume wanaoona hilo ni mzigo. Hata hivyo benki nazo kwa nyumba ya ndoa hutaka ridhaa ya mwenzi hata kama jina lake halimo, kwa hiyo uhuru wanaouogopa kuupoteza hawakuwa nao wote.

Jinsi ya kuongeza jina

Kwa nyumba yenye hati miliki kutoka wizarani, kinachofanyika kisheria ni uhamisho: mmiliki mmoja anahamisha haki kutoka kwake peke yake kwenda kwake na mwenzake. Kwa kuwa kati ya mume na mke kwa kawaida hakuna mauziano, huandikwa hati ya zawadi badala ya mkataba wa kuuza.

Kabla ya kwenda popote, hakikisheni mambo mawili. Kwanza, hati halisi mnayo, na haiko benki. Kama nyumba iko kwenye rehani, hakuna uhamisho bila ridhaa ya benki. Pili, kodi ya pango la ardhi imelipwa yote. Wengi hukwama hapa: kodi ya miaka mingi iliyosahauliwa hujitokeza siku ya kwanza, na safari inaishia dirishani.

Baada ya hapo mnakwenda kwa wakili. Yeye huandaa hati ya zawadi pamoja na fomu za ardhi: namba 29 ambayo ni taarifa ya uhamisho, namba 30 ambayo ni maombi ya kuidhinishiwa, na namba 35 ambayo ni uhamisho wenyewe. Mtaambatanisha picha ndogo za wote wawili, vitambulisho vya taifa na cheti cha ndoa. Hapo kwa wakili ndipo mnapopaswa kuuliza kwa sauti, bila kuona haya: "Mwanasheria, umetuandika kwa namna ipi?" Karatasi nyingi za ofisi ya ardhi bado ni za Kiingereza. Mwombeni awasomee mstari huo kwa Kiswahili na awaonyeshe kwa kidole ulipo. Kama ni mafungu, kiasi cha kila mmoja kiandikwe.

Kinachofuata ni uthamini. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba, na makadirio hayo yakiidhinishwa ndiyo yanayotumika kukokotoa ushuru na ada. Mamlaka ya Mapato huangalia kodi inayohusika na ushuru wa stempu. Viwango na misamaha hubadilika katika bajeti za kila mwaka, kwa hiyo msikubali kuambiwa kiasi na mtu wa barabarani. Kisha nyaraka zote, pamoja na hati halisi, zinakwenda ofisi ya ardhi kwa ajili ya idhini na hatimaye kwa Msajili wa Hati. Siku Msajili anapoandika jina la pili katika daftari ndiyo siku ya umiliki. Hati ya zawadi iliyotiwa saini na kufungiwa sandukuni ni nia njema tu.

Tukubali ukweli: gharama zipo, na kwa familia ya kipato cha chini si ndogo. Kuna uthamini, wakili, ushuru, ada za usajili na nauli za kufuatilia. Ndiyo maana sehemu inayofuata ni muhimu kuliko hii kwa parokia nyingi.

Nyumba ambazo bado hazina hati

Familia nyingi tunazozihudumia hazina hati miliki. Zina mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au leseni ya makazi, au hazina karatasi yoyote. Wengine husikitika kwamba somo hili haliwahusu. Kwa kweli wao ndio wenye nafasi ya bei nafuu kuliko wote, kwa sababu jina la pili linaloandikwa mwanzoni haliitaji uhamisho.

Wanaonunua kiwanja leo, mkataba uandikwe kwa majina mawili ya wanunuzi. Wengi humweka mke kama shahidi, naye anatia saini kwa furaha akidhani ameingia. Shahidi si mnunuzi. Shahidi ameona tu kwamba mumewe amenunua.

Zoezi la urasimishaji wa makazi likifika katika mtaa, au upimaji na uhakiki wa mashamba ukifika kijijini, kuna siku ambayo watu wanapita wakiuliza: "Mmiliki hapa ni nani?" Jibu la siku hiyo ndilo litakalochapwa kwenye hati. Akiwa nyumbani kijana mkubwa peke yake, au baba akasema jina lake kwa mazoea, mama ametoka bila mtu yeyote kukusudia kumtoa. Kamati za parokia zinaweza kufanya kazi kubwa hapa kwa gharama ya tangazo moja la Jumapili: wiki hii wanapita wapimaji, mume na mke wawepo nyumbani wote wawili, waandikwe wote wawili, na kila mmoja awe na picha na kitambulisho.

Vijijini, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Hati hiyo inaweza kubeba majina na picha za mume na mke, na sheria hairuhusu halmashauri kumbagua mwanamke. Likitokea gombo, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Wanakamati waangalie kama kwao ndivyo lilivyo. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kwa migogoro ya ardhi linasuluhisha tu; haliamui kesi. Wasiwapeleke wajane huko wakitegemea hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kumwongeza mtoto au ndugu

Tunaulizwa pia kuhusu wazazi wanaotaka kumwongeza mtoto mmoja "ili asisumbuke na mirathi". Hapa tunashauri watu waende polepole. Mtoto akiingia kwenye hati ni mmiliki sasa, si baada ya kifo. Akidaiwa, fungu lake linaweza kufuatwa na wadai. Akigombana na mkewe, nyumba ya wazazi inatajwa mahakamani. Na wale ndugu zake wengine watano watauliza kwa nini yeye. Kwa mambo mengi ya aina hii wosia ulioandikwa vizuri unatosha, na unaweza kubadilishwa mzazi akibadili mawazo. Mzazi aliye katika ndoa akumbuke pia kwamba hawezi kugawa nyumba ya ndoa kwa mtoto bila ridhaa ya mwenzake.

Ndugu aliye nje ya nchi ambaye alituma fedha za ujenzi ni suala jingine. Anayo hoja ya haki, na ni bora aandikwe fungu lake kuliko kubaki na meseji za simu. Lakini kama amechukua uraia wa nchi nyingine, mambo hubadilika: Sheria ya Ardhi humzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na taratibu kuhusu watu wenye asili ya Tanzania zimekuwa zikifanyiwa marekebisho katika miaka ya karibuni. Aulizie wizarani kabla ya kutuma fedha nyingine.

Kwa wafadhili wetu

Wapendwa wafadhili, mnapochangia nyumba ya familia, mnachangia pia thamani inayoingia kwenye karatasi ya mtu fulani. Mabati arobaini yaliyoezekwa juu ya nyumba yenye jina la mume peke yake ni mali iliyoongezwa kwenye jina hilo. Tunapendekeza kamati iombe nakala ya karatasi ya kiwanja kabla ya kupeleka vifaa, na pale ambapo wanandoa wamekubali kuandikana, gharama ya wakili na usajili iwekwe ndani ya bajeti ya msaada kama inavyowekwa bei ya misumari.

Neno "wamekubali" lina uzito. Msaada usitumike kama fimbo. Mume anayeandika jina la mkewe kwa sababu bila hivyo hapati saruji anaweza kumtesa mke huyo kwa sababu nyingine. Mazungumzo hayo yafanywe na watu wanaoheshimika kwao: wasimamizi wao wa ndoa, mzee wa jumuiya, mama mkubwa mwenye busara. Mara nyingi kinachomzuia mume si ubaya. Anamwambia mkewe, "Mama watoto, nikifa wewe ndiye utakayebaki hapa, wasiwasi wa nini?" naye anaamini anachosema. Hajawahi kuonyeshwa ule mstatili ubaoni.

Wakati mazungumzo hayajafika mwisho

Kwa mke, au mume, ambaye jina lake halimo na mwenzake hajakubali, ipo njia moja ya kumkinga nyumba isiuzwe kimyakimya. Kifungu kilekile cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwenzi ana maslahi katika nyumba ya ndoa yanayoweza kulindwa kwa zuio. Zuio hilo linawekwa kwa Msajili wa Hati, kwa fomu, kiapo na ada, likieleza nyumba ni ipi na mwombaji ana maslahi gani. Likishaandikwa, yeyote atakayekwenda kupekua hati hiyo, awe mnunuzi au benki, atalikuta.

Msajili humjulisha mwenye hati kwamba zuio limewekwa. Kwa hiyo atakayelichukua njia hii ajue kwamba mumewe atapata barua, na ajiandae kwa mazungumzo ya jioni hiyo. Ni vyema amwambie mtu mmoja wa kamati anayemwamini kabla ya barua kufika. Aende na nakala ya cheti cha ndoa, na namba ya kiwanja au ya hati; kama hazijui, jengo lenyewe na majirani zake vinaweza kumsaidia afisa ardhi wa halmashauri kuipata. Nakala ya stakabadhi ya zuio aiweke mahali pengine, nje ya nyumba hiyo.